Mamba wa sponji au mamba wa kompyuta?

Wiki tatu zilizopita dogo mmoja ninayempitia skripti zake alinitumia sini moja kwa WhatsApp. Mama anafua mtoni, jua linazama, mtoto wake wa miaka sita kakaa juu ya jiwe anahesabu nguo. Maji yanatikisika. Mamba anatoka, anamvuta mama, ndoo inabaki inaelea. Chini yake kaandika: "Shikamoo kaka. Huyu mamba tumtengeneze kwa mikono au tumweke kwa kompyuta? Bajeti ya filamu nzima milioni nane."

Nikamjibu marahaba, halafu nikanyamaza siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, tena zaidi ya moja, na mengine niliyapata kwa kuharibu kazi za watu. Haya ninayoandika ni jibu lile lile, nimelirefusha kwa yeyote aliyesimama kwenye njia panda hiyo.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema efekti za mkono, nina maana ya kila kitu kilichokuwepo mbele ya kamera wakati inarekodi: damu ya sukari, sura ya bandia, mdoli wa mota, nyumba ndogo ya mfano, gari linalopinduliwa kweli. Efekti za kompyuta, zile zinazoitwa CGI, ni kile kilichoumbwa au kubadilishwa baadaye mezani kwa mhariri. Mtaani watu wanazigawa kirahisi zaidi: za kizamani na za kisasa. Mgawanyo huo ndio unaotupoteza. Unamfanya kijana aone haya kushika sponji na gundi, wakati wenye mabilioni yao Hollywood wanazishika mpaka leo.

Papa aliyegoma

Ukizungumzia mnyama wa majini lazima uanzie kwa Jaws ya Steven Spielberg, mwaka 1975. Walitengeneza papa watatu wa mashine, na badala ya kuwatumia kwenye bwawa la studio wakawapeleka bahari yenyewe, kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani. Maji ya chumvi yakaingia kwenye mitambo. Papa akawa anazama, anakwama, anatolewa, anarudishwa gereji. Ratiba ya siku 55 za kurekodi ikafika siku 159. Spielberg ikabidi arekodi filamu ya papa bila papa: kamera ikawa macho ya mnyama, mapipa ya njano yanayokatiza juu ya maji yakawa mwili wake, muziki wa John Williams ukawa nyayo zake. Mnyama mwenyewe humwoni vizuri mpaka saa nzima imepita, na ndiyo maana watu waliogopa kuoga baharini.

Kisa hiki husimuliwa kila penye semina ya filamu, na kila mara sehemu moja inarukwa: nyuma ya yule bwana mdogo kulikuwa na studio iliyolipia zile siku mia na ushee za ziada. Dogo wangu hana studio. Siku ya tatu mwigizaji wake mkuu ana harusi ya binamu Morogoro, na kamera ya kukodi inatakiwa irudi kwa mwenyewe saa mbili usiku. Kitu cha mkono kikigoma, kinagoma watu wote wakiwepo, wanakula wali wako, na jua linazama. Kompyuta ikigoma, inagoma umekaa peke yako na singlendi. Hasara ya kwanza inakupiga siku moja kama radi. Ya pili inakunyonya miezi.

Miaka 18 baadaye, 1993, Spielberg huyo huyo akatoa Jurassic Park, na watu wengi wanaikumbuka kama siku kompyuta ilipoua vinyago. Nenda kaitazame tena ukiwa na saa mkononi. Filamu ina zaidi ya saa mbili, dinosau wanaonekana kama dakika 15 tu, na katika hizo za kompyuta hazifiki nusu. Zilizobaki ni kazi ya karakana ya Stan Winston: mnyama wa chuma na povu la mpira, urefu wa mita kama 12, uzito wa tani kadhaa. Naye alikuwa na vituko vyake. Sini kubwa ni ya mvua, na ile ngozi ya povu ilikuwa inanyonya maji kama godoro lililoanikwa masika. Uzito ukizidi, mashine inatetemeka. Mafundi wakawa wanamkausha kwa taulo na vikaushio vya nywele kati ya shoti na shoti. Hebu mfikirie huyo jitu anayetisha dunia nzima, anafutwa mgongo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Lakini angalia walivyogawana kazi. Jicho linalobana mboni mbele ya tochi ni mashine. Kichwa kinachosukuma gari lenye watoto ndani ni mashine. Mwili mzima unapotoka kwenye uzio na kutembea barabarani, hapo ni kompyuta, tena usiku, tena kwenye mvua, ambako macho yako hayapati nafasi ya kukagua. Phil Tippett, fundi aliyezoea kuchezesha vinyago fremu kwa fremu, alipoonyeshwa majaribio ya kompyuta alisema yeye sasa ametoweka kama dinosau. Hawakumwacha aende. Wakambakiza awafundishe vijana wa kompyuta jinsi mnyama mzito anavyobeba mwili wake. Wale vijana walijua mashine. Yeye alijua wanyama.

Damu, sisimizi na mashati ya mtumba

Tushuke sasa kwenye vitu tunavyotumia kila wiki. Damu.

Damu ya mkono naitengeneza hivi: sukari na maji jikoni mpaka vishike kama asali, rangi nyekundu ya chakula, kijiko kidogo cha kakao ili isiwe ya pinki kama juisi ya sherehe, na tone moja la rangi ya bluu. Ikipoa inateleza vizuri, inang'aa kwenye jua, na ikiingia mdomoni mwa mwigizaji haina neno. Kuna mwaka tulikuwa Kibaha, maiti imelala chini ya mwembe, shoti ndefu, kamera inasogea taratibu kutoka miguuni kwenda usoni. Kufika kifuani nikaona shingo ya marehemu inacheza. Sisimizi walikuwa wamepanda mstari mpaka sikioni. Marehemu akavumilia, akavumilia, halafu akaruka juu akitukana ukoo mzima wa dairekta. Shoti ile ninayo mpaka leo. Ndiyo bora kuliko filamu yenyewe.

Shida nyingine ya damu ya mkono ni shati. Ukikosea mara ya kwanza, shati limeshaloa, unahitaji la pili. Sisi tunanunua mtumba, na mtumba haujawahi kukupa mashati matatu yanayofanana tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo shoti ya damu ni moja, na kila mtu pale anajua ni moja, na mkono wa mpiga picha unatetemeka.

Damu ya kompyuta haina hayo. Unapakua video ya damu inayoruka, unaibandika juu ya picha, umemaliza. Inaruka vizuri sana. Tatizo ni baada ya kuruka: inakwenda wapi? Haidondoki kwenye mchanga, haibaki kwenye kola, mwenzake akimshika haimpaki viganjani. Inaruka na kupotea kama mchawi. Mtazamaji wa kibanda umiza anaweza asijue neno hata moja la ufundi, lakini atakwambia, "Hiyo damu ya uongo." Kwa hiyo kwa damu sina mjadala: mkono. Kompyuta naitumia kuongeza ule mruko mmoja wa kwanza tu, pale risasi inapoingia, halafu naikatisha haraka niende kwenye shati lililoloa kweli.

Moto usiomulika mtu

Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Tulikuwa na sini ya nyumba ya makuti inaungua. Mwenye nyumba, na ni haki yake, hakutaka tuwashe hata kiberiti. Nikasema haina shida, nitauweka moto mezani. Tukarekodi saa saba mchana, waigizaji wanakimbia na ndoo, bibi analia. Nikakaa wiki mbili naubandika moto, na moto wenyewe ulikuwa mzuri, halisi, uliorekodiwa na mtu mwingine usiku kwenye giza. Tulipoonyesha, ukumbi ukacheka mahali ambapo bibi analia.

Nilichukua muda kuelewa walichokiona. Paa linawaka, lakini uso wa bibi una mwanga mweupe wa saa saba. Hakuna rangi ya machungwa shavuni. Kivuli chake kimekaa chini ya miguu badala ya kurushwa nyuma. Moshi hauingii machoni mwa mtu. Moto ulikuwa kwenye picha, ila haukuwa pale uani.

Ukiniuliza tofauti kubwa kuliko zote kati ya njia hizi mbili, nitakwambia ni hii. Kitu kilichokuwepo kimeshamulika watu, kimeshatupa kivuli, kimeshamfanya mwigizaji arudi hatua nyuma bila kuambiwa. Hayo unayapata bure. Kwenye kompyuta kila kimoja lazima mtu akikumbuke, akitengeneze, na akilipiwe. Ningekuwa na akili ya leo, ningerekodi magharibi, nikaweka taa mbili zenye karatasi ya rangi ya machungwa nyuma ya kamera na kijana wa kuzipitishia kipande cha boksi mbele ili zichezecheze, kisha moto wa kompyuta ungekaa juu ya kitu ambacho tayari kinaungua usoni mwa bibi.

Wakubwa wanalijua hili. Christopher Nolan alipotengeneza Interstellar, iliyotoka 2014, picha za anga ziliandaliwa mapema kwa kompyuta, zikarushwa kwa projekta kubwa nje ya madirisha ya chombo ili mwanga wake uwaangukie waigizaji wakati wanarekodi. Hapo utaiita ya mkono au ya kompyuta? Na lile shimo jeusi la filamu hiyo lilitengenezwa kwa hesabu za mwanafizikia Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alipata tuzo ya Nobel. Baadhi ya fremu zake zilichukua kompyuta hadi saa 100 kuzimaliza, fremu moja, wakati sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Mimi umeme ukikatika mara moja usiku narudia kurenda, yaani kusubiri kompyuta imalizie picha, sekunde tano na kulala na hasira.

Pesa inatoka lini

Watu wanauliza ipi ni nafuu. Mimi nauliza pesa inatoka lini. Efekti za mkono zinakula mwanzoni: sponji, faibaglasi, rangi, fundi, majaribio mawili yatakayoshindikana. Unalipa ukiwa bado na pesa, na ukiishiwa unajua mapema, unabadilisha skripti. Efekti za kompyuta zinakula mwishoni, wakati umeshalipa chakula, usafiri, waigizaji na kamera, na kilichobaki ni ahadi. Ndiyo maana kijana wa kompyuta ndiye anayedaiwa kazi haraka kuliko wote na kulipwa wa mwisho kuliko wote. "Tutamalizana" ni neno ninalolijua vizuri kuliko jina langu.

Na si sisi tu. Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues ya Marekani, iliyomuumba yule chui milia wa Life of Pi, iliomba kulindwa mahakamani kwa kufilisika. Siku chache baadaye filamu hiyo ikachukua Oscar ya efekti. Nje ya ukumbi mafundi wa kompyuta walikuwa wanaandamana. Ndani, msimamizi wa efekti za filamu hiyo, Bill Westenhofer, alipoanza kuitaja hali ya kampuni jukwaani, wakamfukuzia muziki kisha kipaza sauti kikakatwa. Muziki wenyewe ulikuwa ule wa papa wa Jaws. Ukitunga kitu kama hicho kwenye skripti, nitakwambia umezidisha.

Kwa upande wa zana, visingizio vimepungua. Blender, programu ya kuumba picha kwa kompyuta, ni ya bure kabisa, na Flow, filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilichukua Oscar ya katuni mwaka 2025. Kinachokosekana ni saa za mtu: miezi ya kujifunza, mashine yenye nguvu, diski za kuhifadhia. Uliza Uganda. Isaac Nabwana, mtu aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha studio yake mtaa wa Wakaliga, Kampala, akatoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa haifiki dola 200. Kompyuta alijiundia kwa vipuri. Nafasi ilipojaa alifuta faili za filamu hiyo ili ahariri nyingine, na kilichobaki duniani ni nakala za DVD.

Nabwana nampenda kwa sababu hana ushabiki wa upande. Bunduki zake ni vyuma chakavu vilivyochomelewa, damu imejazwa kwenye kondomu zilizofungwa kifuani zipasuke vizuri, na awali alitumia damu ya ng'ombe mpaka watu wakaanza kuugua, akahamia ya rangi. Halafu helikopta inayoshambulia mji ni ya kompyuta, wala haijifichi. Juu yake VJ Emmie anapiga domo kama ma-DJ wetu wa kutafsiri. Mtazamaji anacheka pamoja na filamu. Ila dogo wangu anataka watu wanyamaze mama anapovutwa majini. Kicheko hapo ni msiba wa pili.

Pasipo na ulinganisho

Kuna eneo moja ambalo sikubali kusikia habari ya uhalisia. Tarehe 23 Julai 1982, wakirekodi Twilight Zone huko California, milipuko ya efekti iliangusha helikopta ikamuua mwigizaji Vic Morrow na watoto wawili. Oktoba 2021, kwenye filamu ya Rust, bunduki iliyodhaniwa ni salama ilikuwa na risasi ya moto. Mpiga picha mkuu Halyna Hutchins akafa. Cheche ya mdomo wa bunduki kwa kompyuta ni kazi ya nusu saa. Tafuta bunduki ya mbao au plastiki, mwigizaji autikise mkono wake, wewe weka cheche na sauti. Na kabla ya hapo katoe taarifa serikali ya mtaa na kituo cha polisi kwamba mnarekodi, maana mtu akiwaona na ile ya mbao barabarani hatakagua kama ni ya mbao.

Vivyo hivyo kwa urefu, mafuta, umeme, barabara yenye magari, na mto wenye mamba. Dogo alikuwa ameandika "lokesheni: Rufiji". Nikamfutia.

Uongo wa "hatukugusa kompyuta"

Siku hizi kuna mtindo wa kutangaza filamu kwa kujisifu kwamba kila kitu ni halisi. Usidanganyike ukaenda kumwambia mhariri wako kwamba hata Tom Cruise hakuhitaji kompyuta. Ndege za Top Gun: Maverick ya 2022 zilipaa kweli na waigizaji wakakandamizwa kweli kwenye viti, lakini filamu ile ina zaidi ya shoti 2,000 zilizopita mikononi mwa watu wa kompyuta, na iliteuliwa kuwania Oscar ya efekti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mad Max: Fury Road ya George Miller, ya 2015. Walikwenda jangwa la Namibia na magari ya ajabu waliyoyaunda kweli, karibu 150, na wale watu wanaoning'inia juu ya nguzo wakiyumba kati ya malori walikuwa watu, wakiyumba. Halafu kompyuta ikafuta. Ikafuta kamba za usalama. Ikafuta mkono wa kushoto wa Charlize Theron, ambaye kwenye hadithi ni mlemavu. Ikabadilisha anga, na ile dhoruba kubwa ya mchanga ikaiumba yenyewe, maana dhoruba hairekodiwi kwa miadi.

Hapo ndipo nilipopata kanuni ninayoitumia mpaka sasa: kwa mtu mwenye pesa kidogo, kompyuta ni mfutaji mzuri kuliko muumbaji. Kufuta nyaya za umeme kwenye sini ya mwaka 1905, kufuta kamba, kufuta nembo kwenye shati, kuondoa minara ya simu nyuma ya Mwambao wa zamani: kijana mwenye miezi sita ya mazoezi anaweza, na hakuna atakayejua. Kuumba mnyama mwenye ngozi, uzito na maji yanayomchuruzika kunataka kikosi.

Ingawa hata wenye kikosi huteleza. Mwaka 2017 waliufuta mdomo wa juu wa Henry Cavill kwenye Justice League kwa sababu alikuwa na sharubu za filamu nyingine asizoruhusiwa kunyoa, na dunia nzima ikacheka mdomo wa Superman. Uso wa mtu ni mahali pagumu. Tunauangalia tangu siku ya kuzaliwa. Ukipinda nywele moja tunajua. Na mwaka 2019 Jon Favreau alirudia The Lion King yote kwa kompyuta, shoti 1,490, na akachomeka moja tu iliyopigwa kwa kamera Afrika, ile ya kwanza ya jua kuchomoza, aone kama kuna atakayegundua. Ufundi wa kutisha. Lakini Simba na Rafiki, waliobeba majina yetu, wana nyuso za kipindi cha wanyamapori: baba kafa, na mtoto anaangalia tu. Ile katuni ya 1994 ya kuchorwa ilimliza mama yangu, naye hana desturi ya kulilia wanyama.

Kuhusu kuzeeka, nitasema kwa kifupi. The Thing ya 1982, vinyago vya Rob Bottin vya mpira na ute, bado inachafua tumbo. Filamu iliyotengenezwa 2011 kueleza yaliyotangulia hadithi hiyo ilikuwa na vinyago pia, mafundi wakavijenga, kisha vikafunikwa kwa kompyuta kabla ya kutoka. Jaribu kuzitazama usiku mmoja. Lakini Terminator 2 ya 1991, yenye dakika chache tu za kompyuta, nayo haijazeeka. Yule mtu wa chuma kinachotiririka anang'aa kama kioo, na kompyuta za wakati ule ziliweza vitu vinavyong'aa kuliko ngozi. Majeraha yake ya risasi yalikuwa vipande vya mpira vinavyofunguka kifuani, na palipotakiwa mama wawili wanaofanana, wakamwita pacha halisi wa Linda Hamilton, aliyeigiza mama huyo.

Basi, mamba

Nilimpigia simu, maana haya hayaandikiki kwa WhatsApp. Nikamwambia sahau swali la mkono au kompyuta kwa filamu nzima. Hata kwa sini nzima. Kaa chini uandike shoti moja moja, na kila shoti ujiulize: mamba anamgusa mtu hapa? Anatupa kivuli? Anaweza kuua mtu?

Tukaziandika pamoja, saa nzima na bando lake. Lokesheni, bwawa la kufugia samaki, maji ya kiunoni, ambalo mwenyewe atuthibitishie halina kitu zaidi ya sato. Kichwa cha mamba kuanzia pua hadi nyuma ya macho tu, kisichongwe zaidi ya hapo: sponji ngumu ya godoro iliyochongwa kwa kisu, juu yake gundi na vipande vya mpira wa tairi kwa magamba, macho ni goroli zilizopakwa rangi kwa nyuma. Chini jiwe la kuizamisha na kamba ya manila inayopita chini ya maji hadi kwa kijana aliyejificha kwenye matete. Mkia tofauti, wa sponji pia, wa kupiga maji mara moja.

Kichwa kinaonekana sekunde nne, magharibi, jua likiwa nyuma yake ili tuone umbo kuliko ngozi. Mkia sekunde moja. Mama anavutwa na kijana mwingine aliye chini ya maji, aliyeshika pindo la kanga, na mtu wa tatu mwenye kazi moja tu ya kuhesabu sekunde na kuwainua. Kompyuta inafuta kamba inapojitokeza, inafuta paa la bati ng'ambo ya bwawa, inaongeza rangi nyekundu kidogo kwenye maji yaliyokwisha kutibuka. Mengine yote ni uso wa mtoto na ndoo.

"Kaka," akasema, "kwa hiyo mamba mzima hatumwoni?"

"Unaye mamba mzima?"

Akacheka. Bajeti ya mnyama ikaja laki tatu na themanini, pamoja na mhariri wa kufuta, ambaye nilisisitiza alipwe nusu kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.

Jana katuma picha. Kichwa kimeanikwa juu ya bati la choo kikauke, goroli zinawaka kwa jua la alasiri, na pua imepinda kidogo kushoto, kitu ambacho kwa bahati kimemfanya aonekane mzee na mwenye kisasi. Anasema mama yake ameshamwambia akitoe pale kabla ya magharibi, maana watoto wa jirani hawataki tena kwenda chooni.